Barua Pepe Ikifika, Kazi Bado: Mafunzo Niliyopata Kasongo na Kabambare

Kusini mwa mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, teritwari za Kasongo na Kabambare zina zoni sita za afya. Kasongo, Kunda na Samba ziko katika teritwari ya Kasongo. Kabambare, Lusangi na Saramabila ziko katika teritwari ya Kabambare. Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa shirika dogo linalovisaidia vituo vya afya vya zoni hizo kupata dawa, vipuri vya friji za chanjo na karatasi za ripoti. Biro yetu iko Kasongo mjini. Wakubwa wa mkoa wako Kindu, wafadhili wako Kinshasa na Ulaya, na kazi yenyewe iko vijijini, ambako dawa husafiri kwa pikipiki, na pikipiki ikishindwa, kwa kichwa cha mtu.

Maagizo karibu yote hutufikia kwa barua pepe. Ndiyo maana nimejifunza kuichukulia kompyuta ya biro kwa uzito uleule wa friji ya chanjo. Ujumbe mmoja ukisahaulika Kasongo, kuna kituo cha Kabambare kitakachomaliza mwezi bila sindano, na mama atakayetembea nusu siku na mtoto mgongoni kisha arudishwe.

Mafunzo haya hayadai programu ya kununua. Mimi natumia Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na ambayo tangu toleo la 78 la mwaka 2020 huja na kalenda na orodha ya kazi ndani yake. Anayetumia Outlook au Gmail atavikuta vyombo hivyo kwa majina mengine.

1. Kikasha hakijui kazi ipi ni nzito

Kikasha hupanga ujumbe kwa saa ya kufika. Mwaliko wa semina uliofika asubuhi hukaa juu. Ombi la dozi za surua lililofika juzi hushuka, na likishapita mwisho wa kioo halionekani tena. Aliyeandika mwisho ndiye anayepata nafasi ya mbele, awe na haja au asiwe nayo.

Wengi hujikinga kwa kuuacha ujumbe kama haujasomwa, ili herufi nene ziwakumbushe. Lakini herufi nene zikifika mia, hakuna hata moja inayokumbusha. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila ujumbe unaofunguliwa hukatiwa shauri papo hapo. Usiohitaji chochote unakwenda kwenye kumbukumbu. Katika Thunderbird inatosha kubonyeza herufi A. Unaojibika kwa dakika mbili unajibiwa. Wenye kazi ndefu unaandikwa katika orodha ya kazi, kisha nao unaondoka kikashani. Hiyo kanuni ya dakika mbili ilienezwa na Mmarekani David Allen katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001, na kwetu ina faida ya ziada, kwa sababu umeme wa jua una saa zake: ukiahirisha majibu madogo hadi jioni, betri haitakusubiri.

2. Kazi iandikwe kwa kitenzi, jina na tarehe

Barua za kiofisi huficha kazi. Mada inasema "Re: Re: Fwd: Ripoti". Ndani mna aya nne za salamu na maelezo, halafu sentensi moja mwishoni: "Tunaomba mfuatilie." Nani afuatilie? Afuatilie nini? Mpaka lini?

Katika Thunderbird unaweza kubofya ujumbe kwa upande wa kulia wa kipanya na kuugeuza kuwa kazi. Dirisha linafunguka, mada ya barua inakuwa jina la kazi, na maneno ya barua yanabaki chini kama maelezo. Hapo simama kidogo. Usiikubali mada ya mwenzako, iandike upya: "Kumpigia muuguzi mkuu wa kituo, Lusangi, kujua dozi zilizobaki. Katibu. Jumatano." Ukikosa kitenzi cha kuandika, maana yake barua haijaeleweka, na kazi ya kwanza ni kumuuliza aliyeituma.

Jina nalo liwe la mtu mmoja. "Ofisi ifuatilie" ni kazi isiyo na mwenyewe, na kila mmoja ofisini atadhani jirani yake ameishika. Wasaidizi waweza kuwa watatu, lakini atakayeulizwa ni mmoja.

3. Panga kwa tarehe, jinsi wauguzi wanavyopanga fishi za chanjo

Fundisho hili ndilo lililonifaa kuliko yote, na sikulitoa mbali. Mji wa Kasongo una jina kubwa katika historia ya afya ya umma. Katika miaka ya 1970 ulianza hapa mradi uliojulikana duniani kama Mradi wa Kasongo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Hospitali na vituo vya afya vilifanya kazi kama mfumo mmoja, katika muongo uleule ambao mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitangaza huduma ya afya ya msingi. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezekani pasipo kumbukumbu ya kila mtoto, kwa jina lake na tarehe yake.

Mpaka leo chombo cha kumfuatilia mtoto katika vituo vyetu ni sanduku la fishi, yaani kadi za watoto, lenye vigawanyo vya miezi. Mtoto hupewa BCG na matone ya polio anapozaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Akifikisha miezi 9 hupata chanjo ya surua na ya homa ya manjano. Akichanjwa leo, fishi yake inahamishiwa kwenye kigawanyo cha mwezi wa miadi inayofuata. Mwezi ukiisha, muuguzi anatazama fishi zilizobaki: hao ndio watoto ambao hawakuletwa. Majina yao yanapewa wahudumu wa afya wa kijiji, ili wakawatafute nyumba kwa nyumba.

Tazama jinsi chombo hicho kilivyo na akili. Muuguzi hahitaji kuwakumbuka watoto wote wa eneo lake. Sanduku lenyewe linamwonyesha nani amebaki, na linamwonyesha kwa wakati ambao bado anaweza kumfikia. Kanuni hiyo niliihamishia kwenye kompyuta. Zamani barua zetu zilipangwa kwa folda za majina ya wafadhili, na folda hizo hazikusema lolote juu ya wiki ijayo. Sasa kila kazi ina tarehe ya mwisho, orodha imepangwa kwa tarehe hizo, na mwisho wa mwezi nasoma zilizobaki kama muuguzi anavyosoma fishi zake. Kila iliyobaki hupewa tarehe mpya na sababu, au hufutwa kwa makubaliano na aliyeiomba.

David Allen naye anapendekeza folda 43: 31 za siku na 12 za miezi. Muuguzi wa Kunda hana haja ya kukinunua kitabu hicho; kanuni anayo mezani pake.

4. Mtandao ukikatika, orodha ibaki mkononi

Anayesoma barua zake kwenye ukurasa wa intaneti peke yake hupoteza kila kitu mtandao ukikatika: barua, viambatisho na kumbukumbu ya alichoahidi. Kwa mazingira yetu, programu inayohifadhi nakala ndani ya kompyuta ni bora zaidi. Thunderbird ikiwekwa kufanya kazi nje ya mtandao, unasoma barua zilizokwisha kushushwa, unaandika majibu na kupanga kazi, na majibu yanakaa katika kikasha cha barua zinazongoja kutumwa. Mtandao ukirudi, hata kwa muda mfupi, yote yanaondoka kwa pamoja.

Kuna mambo matatu ya kuyarekebisha tangu mwanzo. Kwanza, katika mipangilio ya akaunti, weka kikomo cha ukubwa wa ujumbe unaoshushwa wenyewe, ili picha za sherehe ya mtu zisimalize mega za wiki nzima. Pili, hakikisha orodha ya kazi imehifadhiwa ndani ya kompyuta, isiwe kwenye seva tu. Tatu, nakili folda yote ya "profile" ya programu, inayohifadhi barua na kazi, kwenye diski ndogo kila Ijumaa kabla ya biro kufungwa, na diski hiyo ikae nyumba nyingine. Joto, vumbi na umeme usiotulia havina huruma na kompyuta.

5. Lebo chache, na iliyo kuu ni "Nasubiri"

Thunderbird huja na lebo tano, na kila moja inabandikwa kwa kubonyeza tarakimu, kuanzia 1 hadi 5. Tano zinatosha. Nimeona watu wakitunga lebo thelathini za rangi, kisha wakatumia muda mwingi kuchagua rangi kuliko kufanya kazi.

Mojawapo ya lebo hizo nimeibadilisha jina ikawa "Nasubiri". Ukiichunguza orodha ya biro kama yetu, utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi si zile za kufanya leo, bali zile tulizokwisha kuzifanya upande wetu na tunangoja wengine: saini ya Kindu, jibu la mfadhili, hesabu ya dozi kutoka Kabambare. Kazi hizo ndizo zinazopotea kwa urahisi, kwa sababu moyo unajiambia, "Mimi nimeshatuma." Kwa hiyo kila barua ninayotuma yenye ombi hubandikwa lebo hiyo, kisha huandikwa kama kazi pamoja na tarehe ya kuuliza tena. Tarehe ikifika bila jibu, nauliza kwa upole, nikitaja siku niliyoandika mara ya kwanza. Anayeulizwa kwa utaratibu na heshima haoni kero, na wengi hushukuru.

6. Tarehe ya Kinshasa na tarehe ya Kabambare si moja

Mfadhili akiandika "mwisho ni tarehe 30", anafikiria siku ya kupokea faili. Mimi lazima nifikirie siku ambayo karatasi itatoka kituoni. Kwa hiyo kazi yoyote inayogusa kijiji huandikwa mara mbili katika orodha: tarehe ya kuanza na tarehe ya kufika. Kati ya hizo mbili kuna barabara ya udongo, kuna Mto Luama na vijito vyake, na kuna mvua. Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, nafasi kati ya tarehe hizo yaweza kuwa fupi. Kuanzia Septemba hadi Mei naipanua, na wafadhili nawaeleza mapema, kabla hawajauliza.

Saa nayo inahitaji uangalifu. Kongo ina saa mbili: Maniema hufuata saa ya Lubumbashi, iliyo mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Mkutano wa saa tatu asubuhi Kinshasa ni saa nne Kasongo. Katika kalenda ya programu, chagua ukanda wa saa wa Lubumbashi kwa ajili yako, na unapowaalika watu wa Kinshasa taja saa zote mbili ndani ya barua. Mkutano wa kugawa dawa ukikupita, mgawo wako hupangwa na watu wasioijua barabara yako.

7. Orodha iwafikie wasio na barua pepe

Wanaofanya kazi nzito kuliko sote hawana anwani ya barua pepe. Muuguzi wa kituo cha ndani, dereva wa pikipiki, mhudumu wa afya wa kijiji: hao orodha yangu ya kompyuta hawaioni. Basi Jumatatu asubuhi kazi za wiki huchapwa kwenye karatasi moja na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Zinazohusu mbali hutumwa kwa meseji, na pasipo mtandao, kwa foni, ile redio ya mawasiliano ambayo bado inatufaa sana.

Foni imenifunza kuandika vizuri. Kazi isiyoweza kusomwa kwa pumzi moja na kueleweka upande wa pili haijaandikwa sawasawa. Siku moja nilizungumza hivi na muuguzi wa kituo:

"Mama, jambo. Ripoti ya chanjo itoke kwako Alhamisi, dereva atapita asubuhi."

"Jambo sana, mwanangu. Nimesikia, Alhamisi asubuhi. Lakini andika na hii: kipimajoto cha friji kimepita nyuzi 8."

Neno hilo la mwisho lina uzito kuliko barua zote za siku hiyo, maana chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nalo halikuja kwa barua pepe. Ndiyo sababu kila agizo la mdomo, la foni au la simu huingizwa katika orodha ileile siku hiyohiyo, likiwa na kitenzi, jina na tarehe. Mwenye orodha mbili, moja ya kompyuta na moja ya kichwani, huishia kuiamini ile ya kichwani.

8. Orodha ya kazi ni siri ya watu

Upande wa Saramabila, ambako wengi huandika Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, usalama umevurugika mara nyingi, na raia wameumia. Mahali kama hapo, orodha inayosema nani anasafiri siku gani, kwa njia gani na akibeba nini yaweza kumletea mtu balaa. Katika jina la kazi naandika neno la jumla tu. Njia na saa ya safari hujulikana na wanaohusika kwa mdomo. Kompyuta ina neno la siri, na kioo hujifunga mtu akiondoka mezani.

Heshima hiyohiyo wanastahili wagonjwa. Jina la mgonjwa wa kifua kikuu au la mama aliyebakwa halina nafasi katika mada ya barua wala katika karatasi ya Jumatatu. Tunaandika namba ya faili, na faili inabaki kwa mganga.

9. Anwani iwe ya cheo, si ya mtu

Watu huhamishwa. Mganga mkuu wa zoni anapelekwa kwingine, mhasibu anapata kazi Kindu, katibu anaumwa. Ahadi zote zikiwa katika anwani binafsi ya mtu, zinaondoka naye, na anayemrithi huanza kwa kuwauliza wafadhili walikubaliana nini. Hilo huondoa imani haraka.

Tengenezeni anwani ya cheo: ya ukatibu, ya uhasibu, ya dawa. Kwa mfumo wa IMAP barua hubaki kwenye seva, na watu wawili walioruhusiwa huweza kuiona akaunti moja kutoka kompyuta mbili. Anayeondoka akabidhi orodha ya kazi zilizo wazi, hasa zile za "Nasubiri", akae na mrithi wake waisome mstari kwa mstari. Na kila kazi ifungwe kwa jibu: aliyeiomba apate sentensi moja, "Imefanyika tarehe fulani," ndipo ipewe alama ya kumalizika.

Kwako wewe unayeketi mbele ya kompyuta Kasongo, Kabambare, Kibombo au Fizi: usingoje mradi mpya wala mafunzo ya hotelini. Leo hii fungua kikasha chako, chukua barua kumi za juu, na kila yenye kazi ndani yake uiandikie kitenzi, jina la mtu mmoja na tarehe. Kesho fanya kumi nyingine. Wauguzi wa kwetu wamewafuatilia maelfu ya watoto kwa karatasi na sanduku. Sisi tuliopewa kompyuta hatuna udhuru wa kumsahau hata mmoja.